Saa ya Mwenyeji, Saa ya Mgeni

1

Ti.

Ti-ti.

Tiii.

Kisauti tu, chembamba kama cha kifaranga aliyefunikwa kapu, gizani, kutoka chumba cha kudarizia, kabla jogoo wa jirani hajaamua kama leo atawika au ataacha kazi. Namsifu alikisikia akiwa bado kitandani. Akapapasa upande wa ukutani. Shuka lilikuwa na joto la mtoto; mtoto mwenyewe hayupo.

Hakushtuka. Alilala vilevile, macho wazi, akimfuatisha moyoni: kishale cha chini, mara moja tu, mwanangu. Sasa kitufe kikubwa.

Kimya.

Kimya.

Halafu sauti ya mwanamume mwenye mafua ikasema, ikikata silabi kama mtu anayekata bamia:

"Ka-ri-bu. Ki-e-te."

Na mtoto wa miaka saba akacheka peke yake ndani ya chumba kisicho na taa, maana yeye na taa hawajuani sana.


2

TANGAZO KWA WATUMIAJI WOTE WA KOMPYUTA

Kompyuta hii ni mali ya Nanzia na ni ya kazi ya kudarizi nembo, si pambo la sebuleni. Mchana ni ya kazi. Baada ya magharibi mama Kiete anaruhusiwa kusomea hadi taarifa ya habari iishe. Alfajiri ni ya Kiete mpaka chai ichemke. Chai yenyewe haikaribii meza. Uji haukaribii. Mtoto anakaribia akiwa amenawa. Atakayekiuka atachukuliwa hatua kali.

Imetolewa na
Utawala


3

Wewe unayesoma, wajue watu mapema usije ukahangaika. Si wengi.

Utawala ni Nanzia. Ana cherehani, ana mashine ya kudarizi inayopiga kelele kama mvua ya mawe juu ya bati, na ana kompyuta ya mezani ambayo ndiyo inayoiambia mashine wapi pa kuchoma sindano. Nusu ya sweta za wanafunzi pale mjini Same zina nembo iliyopita mikononi mwake.

Namsifu ni mke wa Elinaja, mdogo wake Nanzia. Kwa hiyo ni wifi, na nyumba ni moja. Elinaja anachimba jasi Makanya, anarudi mwisho wa mwezi akiwa mweupe mpaka kwenye kope. Jioni Namsifu anasoma kompyuta katika chuo kidogo nyuma ya soko. Aliacha shule mapema. Sasa anairudia kwa kiu ya mtu aliyeonja maji akanyang'anywa kikombe.

Na Kiete. Nakiete kwa kirefu, jina la bibi yake. Macho yake yanaona mwanga, yanaona kivuli, yanaona nyekundu ikiwa kubwa. Darasani huketi mbele kabisa. Mwalimu anaandika ubaoni, wenzake wanaandika daftarini, yeye anaandika hewani kwa kidole, ili asionekane amekaa bure.

Kitu ambacho Namsifu anakitaka hapa duniani, kwa sasa, ni kimoja:

kidole kile kipate pa kuandikia.


4

(Yaliyosikika chuoni, jioni)

— Mwalimu Kiondo, yaani kompyuta moja, mifumo endeshi miwili?

— Miwili, mama Anaeli. Hata mitatu, nafasi ikiwepo.

— Inakaa yote kwa pamoja?

— Inakaa pamoja, haifanyi kazi pamoja. Mmoja akiamka, mwingine amelala. Ukiwasha unaulizwa: leo nani?

— Ahaa! Uke wenza.

— Tena nyumba moja! Si hata kila mtu na jiko lake!

— Na zamu anapanga nani?

— Mwenye nyumba. Yaani wewe.

— Mwalimu, mimi kwangu sijawahi kuwa mwenye nyumba. Labda huko ndani ya kompyuta.

(Kicheko. Mzee Mbonea, mlinzi mstaafu, anacheka kuliko wote. Ana wake wawili.)

— Mwalimu.

— Naam, Namsifu.

— Huo mfumo mwingine. Ule uliosema una sauti ya kumsomea asiyeona. Ni wa bure kweli?

— Bure. Unasoma hadi Kiswahili. Usitegemee lafudhi ya Mtume Paulo, lakini unasoma.


5

"Wifi."

"Nasikia."

"Naomba kipande cha kompyuta."

Nanzia akatoa pini mdomoni. "Kipande? Kompyuta ni muwa?"

Namsifu akaeleza. Alieleza kwa mikono, kwa kitenge, kwa mfano wa shamba la marehemu baba mkwe, lile lililogawanywa. Upande huu wako wote na nembo zako, haunyanyuliwi hata unyasi. Upande ule wa Kiete. Katikati napanda masale, na kila mtu anajua mpaka.

"Masale yenyewe watu wanayang'oa usiku wanayasogeza."

"Ya kwenye diski hayang'oleki."

"Na programu yangu ya nembo ikigoma? Mimi bila ile programu nina nini? Nina uzi. Uzi hata buibui anao."

Namsifu akafuta mikono kwenye kitenge. Akatoa simu. Mwalimu alikuwa amemwekea sampuli ya ile sauti, kaandika jina moja tu isome. Akabonyeza.

"Na-ki-e-te," ikasema simu.

Uani, mtoto aliyekuwa anapepeta mchele akanyanyua kichwa. "Nani ananiita?"

Nanzia alimtazama yule mtoto. Alirudisha pini mdomoni, akaitoa tena.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Lakini mgeni siku mbili."

"Siku ya tatu tunampa jembe, wifi."

"Basi jembe lake nilione analima."


6

Namna mfumo wa pili unavyoingia katika kompyuta ya watu:

kwa hofu.

Kwanza Namsifu alinakili nembo zote za Nanzia kwenye flashi, na Nanzia akaivaa ile flashi shingoni kama hirizi. Kisha akaiambia diski ijibane. Mstari wa bluu ukaanza kutambaa kwenye skrini, kidogo, kidogo, kama konokono anayekwenda kliniki, na muda wote huo Nanzia alisimama kando ya swichi ya ukutani amekumbatia mikono, akitoa amri kwa watu wasiokuwepo:

"Mtu asipige pasi! Mtu asiwashe jiko la umeme! Mtu asi—"

"Wifi, tuko watatu tu."

"Basi wote watatu tusipumue."

Ulipokwisha, kompyuta ikazima, ikawaka, ikauliza swali ambalo haikuwahi kuuliza tangu izaliwe. Namsifu alikuwa ameyaandika majibu mwenyewe, kwa herufi kubwa:

          MWENYEJI
          MGENI

Mtu asipogusa kitu, baada ya muda mfupi Mwenyeji, yaani mfumo wa zamani, anaamka mwenyewe. Hilo lilikuwa sharti la Utawala. Na kwa kuwa Kiete haoni swali, Namsifu alifundisha kompyuta kulia pale inapouliza, ti, ti-ti, tiii, ili mtoto ajue kuwa mlango uko wazi na kishale kinangojwa.

Siku hiyo usiku aliandika kwenye daftari la chuo, pembeni, pasipo na mstari: Nimegawa nyumba na hakuna aliyelia.


7

Kiete anabonyeza. Sauti inataja.

M.

B.

U.

"Anaijua," anasema. "Mama, anaijua mbu!"

Z. I.

"M-bu-zi," inasema sauti.

"Ala! Nilitaka mbu, nikapata mbuzi."

Nanzia, aliyepita kuchukua mkasi (alipita kuchukua mkasi mara tatu jioni ile, na mkasi ulikuwa shingoni kwake pamoja na flashi), akasimama. "Huyu Bwana Mafua wenu apewe tangawizi."

"Shangazi, niandike nini?"

"Andika: shangazi hana muda wa mchezo."

Mtoto akaandika. Ilimchukua muda wa sufuria ya maharage kukauka maji. Sauti ikasoma yote, neno kwa neno, na pale kwenye shangazi ikasema "sha-nga-zi" kwa heshima kubwa kama inayotaja cheo.

Nanzia akacheka mpaka akakaa chini.


8

(Nanzia kwenye simu, uani, akiamini kuwa ukuta hauna masikio)

"Elinaja, mimi si mtu wa kuchunguza watu, unanijua. — Hebu nisikilize. — Mzima, mtoto mzima, wote wazima. Ni hii kompyuta. — Haijaharibika. Saa yake ndiyo inarudi nyuma. — Saa! Ile ya pembeni kwenye kioo. Kila asubuhi naikuta iko nyuma, naisogeza, kesho naikuta iko nyuma tena. Na haikuwa hivyo kabla mkeo hajaanza kukaa pale jioni. — Sasa wewe niambie, mtu anayerudisha saa nyuma anaficha nini? — Muda! Anaficha muda, Elinaja. Anakaa kupita taarifa ya habari, kisha anarudisha saa nisijue. — Sijasema mwizi. Wewe ndiye umesema mwizi. — Mimi najua anasoma. Asome. Nani kamkataza? Aniambie tu, wifi leo nimepitiliza. Mimi ni mnyama?"

Ukuta wa jikoni ni wa matofali ya udongo, na nyuma yake Namsifu alikuwa anachambua mboga.


6

Usishangae namba imerudi nyuma. Mchapaji hajalewa. Saa katika nyumba hii zinarudi tatu tatu, na hadithi inayokaa ndani yake itafanyaje?

Namsifu alimaliza mboga. Alikuwa na maneno matatu ya kumwambia wifi yake, nayo ni: si mimi, wifi. Lakini akiyasema atakuwa amekiri kwamba alisikiliza simu ya mtu. Akayameza na tembele.

Jioni ile alizima kompyuta mapema, redio bado inasoma habari. Jioni iliyofuata pia. Asubuhi zote mbili akamwona Nanzia, kwa upenyo wa mlango, akiinama kwenye skrini, akisogeza saa, akitikisa kichwa taratibu kama anayeona mtoto aliyempenda akiharibika.

"Kiete, wewe huwa unagusa saa ya kompyuta?"

"Saa iko wapi?"

"Basi."

Hata yeye akaanza kujishuku. Labda kuna mahali ninapobonyeza. Labda mikono yangu inafanya jambo ambalo—


7

Nembo za sweta za shule moja zilitakiwa Jumatatu. Nanzia alidarizi mchana kutwa mpaka magharibi, akampisha Namsifu asome kwa Mgeni na intaneti ya simu, na taarifa ya habari ilipoisha akarudi na glasi ya chai (aliiacha mlangoni, alitii tangazo lake mwenyewe) ili amalizie. Ilikuwa mara ya kwanza kurudi kazini baada ya Namsifu kuondoka mezani.

Alifungua programu ya nembo. Badala ya nembo, likatokea hili, kwa Kiingereza, na Namsifu akaitwa kutafsiri:

     ILANI
     Imebainika kuwa saa ya kompyuta hii imerudishwa nyuma
     baada ya matumizi ya mwisho.
     Ruhusa ya kutumia programu hii imesitishwa.
     Wasiliana na muuzaji.

     [ SAWA ]

Kitufe kilikuwa kimoja tu.

Alitafsiri neno kwa neno, polepole, na kila neno lilikuwa linampeleka mwenyewe kizimbani.

"Imerudishwa," akasema Nanzia.

"Wifi..."

"Hata yenyewe imekuona."

"Wifi, sijagusa saa. Haki ya Mungu sijagusa."

"Nimekugawia kompyuta yangu. Nimekupa jioni yangu. Nimempa mwanao alfajiri yangu." Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Ungeniambia, nipe saa moja zaidi, ningekunyima?"

"Usingeninyima."

"Sasa?"

Sasa.


8

"Haloo, fundi Mrindoko. — Imefunga. — Ndiyo, kuna mfumo mwingine uliwekwa."

(Sauti ya fundi ni kubwa, haihitaji spika.) "Si nilijua! Mifumo miwili ndani ya mashine moja ni ugomvi, dada. Msiiguse tena, mtaua kabisa. Jumamosi asubuhi nakuja, nafuta huyo mgeni, diski inarudi kama ilivyozaliwa."

"Na programu yangu itafunguka?"

"Tukishafuta ndiyo tutajua."

Nanzia akafunga chumba kwa ufunguo. Ufunguo ukaungana na flashi na mkasi.


9

Alfajiri Namsifu alisikia miguu midogo ikienda, ikifika mlangoni, ikisimama. Kitasa kikashuka mara moja. Miguu ikarudi.

Kiete alipanda kitandani. Akamgeuza mama yake kwa mabega, kama anayenyoosha karatasi, na akaanza kuandika mgongoni kwake. Kidole kimoja, mahali palepale pa kila herufi, safu kwa safu. Alikuwa ameshaijua kibodi nzima kwa moyo. Namsifu alilala kifudifudi akijitahidi kusoma kwa ngozi.

S

A

U

T

Hapo alishindwa kuendelea kulala vile, akaamka kuwasha moto.

Kutwa ile aliwaza jambo baya. Nitakubali tu. Nitasema, ni mimi wifi, nilirudisha, nisamehe. Nanzia atasamehe, hasira zake ni za sabuni, povu jingi halafu maji. Huenda hata akamrudisha fundi njiani. Aliyafanyia mazoezi maneno yale mbele ya sufuria.

Lakini saa ingerudi nyuma tena. Kesho yake tu ingerudi, kwa sababu si yeye anayeirudisha, na hapo atakuwa ameungama na kurudia. Ukweli ulikuwa umemfungia njia hata ya kudanganya.


10

Chuoni aliwasha kompyuta yenye mifumo miwili, akaingia wa kwanza, akatazama saa. Akawasha intaneti, akaingia wa pili, akatazama. Akarudi wa kwanza.

Nyuma. Kwa saa tatu kamili.

"Mwalimu Kiondo! Njoo uone, nina shahidi!"

Alichoeleza mwalimu, tukiwapa wenyewe waseme, ni hiki:

MWENYEJI ANASEMA: Ndani ya kompyuta mna saa ndogo yenye betri yake, haizimi hata umeme ukikatika. Mimi nikiamka naitazama, ninachokiona ndicho ninachokisema. Ndivyo nilivyolelewa.

MGENI ANASEMA: Na mimi naitazama hiyohiyo. Ila kwetu tunaiandika kwa saa ya dunia, moja kwa watu wote. Tanzania iko mbele yake kwa saa tatu, basi mimi najumlisha tatu kichwani halafu ndipo namwambia mtu. Nikipata intaneti ya simu, naulizia saa ya dunia, naiandika pale vizuri. Nani kakosa?

MWENYEJI: Nikiamka naikuta iko nyuma!

MGENI: Haiko nyuma. Hujajumlisha.

"Kwa hiyo hakuna aliyerudisha," akasema Namsifu.

"Hakuna. Kila mmoja anarekebisha."

"Lakini, mwalimu," Mzee Mbonea akaingilia, "kuandika hivi na kusema vile, si unafiki huo? Mtu akiona tatu aseme tatu." Akatazama ukutani, akanyanyua fimbo yake. "Jamani, saa moja na nusu hii, wake zangu wananingoja."

Namsifu naye akatazama ukutani. Mshale mfupi ulikuwa umepita saba.

Saba.

Na darasa zima lilikuwa limesikia saa moja, na hakuna hata mmoja aliyemwita Mzee Mbonea mnafiki.

Akaanza kucheka. Alicheka huku anakusanya madaftari, alicheka mlangoni, alicheka barabarani peke yake mpaka mwuza mahindi akamuuliza kama amefaulu.


11

"Wifi, saa ya ukutani inasema ngapi?"

Nanzia alikuwa anakunja sweta zisizo na nembo. "Huioni?"

"Nisomee wewe."

"Saa mbili kasorobo."

"Mshale mfupi uko wapi?"

"Unakaribia nane."

"Basi wewe ni mwongo."

Sweta ikasimama hewani. Namsifu akaona anavyopumua, akajua ana nafasi ya sentensi mbili tu kabla povu halijapanda.

"Umeona nane ukasema mbili, wifi. Umetoa sita kichwani, na hukujua kama umetoa, maana ndivyo tulivyozaliwa. Angekuja mtu wa mbali akakaa hapa, angesema huyu mama anaficha muda."

Nanzia akatazama saa. Akamtazama wifi yake. Akatazama saa tena, kama mtu aliyeambiwa kwamba picha ya harusi yake iko juu chini.

"Endelea."

"Mgeni anafanya hivyohivyo. Yeye anaongeza tatu. Anaiandika saa kwa hesabu ya kwao, na Mwenyeji wako anaisoma kwa hesabu ya kwake. Kila mmoja mkweli. Mimi sikuigusa."

"Na ile ilani?"

"Ilikuta saa iliyoandikwa na Mgeni, wewe ukiwa umetoka kufanya kazi muda si mrefu. Ikaona kama umerudi kabla hujaondoka. Ikafikiri ni mwizi wa leseni, anayerudisha saa ili muda aliolipia usiishe."

"Mimi?"

"Wewe, wifi. Ilikushuku wewe."

Nanzia akaweka sweta chini. Akavua ufunguo shingoni, ukanasa kwenye uzi wa flashi, akahangaika nao, na Namsifu hakuthubutu kumsaidia.

"Fundi kasema tusiguse," akasema Nanzia akiwa ameinamia kitasa.

"Kasema."

"Haya. Guseni."


15

Hapa namba zimekaa sawa. Hesabu mwenyewe ukitaka.

Namsifu aliandika mstari mmoja, ule aliopewa na mwalimu na kuukariri njia nzima: kwamba Mgeni, kuanzia leo, aandike saa ya hapa, ya nyumba hii, na hesabu za kwao aziache kichwani mwake. Hakumfuta. Hakumhamisha. Alimfundisha adabu ya ugenini tu. Akazima. Akawasha. Akamwacha Mwenyeji aamke.

Nanzia alivuta kiti. Alilinganisha pembe ya skrini na ukuta, ukuta na simu yake, simu na skrini. Akafungua programu.

Ikafikiri.

Ikafikiri.

Nembo ikajitokeza: mwenge, kitabu na mlima, nyuzi za kijani. Nanzia akaigusa kwa kidole kwenye kioo, jambo ambalo tangazo lake linakataza.

"Kwa hiyo hukurudisha."

"Sikurudisha, wifi."

"Mm."

Mm ya Nanzia ina ghorofa. Namsifu alingoja kwenye ngazi.

"Leo imefungua," Nanzia akasema hatimaye, akiwa amempa mgongo. "Nimefurahi. Na wewe nimekukosea, tutazungumza mimi na wewe, si mbele ya mtoto. Lakini leo imekwama kwenye saa, kesho itakwama kwenye nini? Mimi sijui, wewe hujui, na huyo mwalimu wako hajui. Mimi mkono wangu ni huu tu. Fundi sijamzuia."

"Sawa, wifi."

"Usiseme sawa kwa sauti hiyo."

"Nisemeje?"

Mashine ya kudarizi ikaanza kupiga mvua yake ya mawe, na jibu, kama lilikuwepo, likazama humo.


16

Jumamosi.

Namsifu alimwogesha mtoto mapema, akamvalisha gauni lenye nyekundu kubwa ambayo anaiona. Hakumwambia kuhusu fundi. Kuna habari ambazo mama huzibeba mpaka mlangoni, akitumaini kwamba zitapotea njiani. Alimwandalia tu Mgeni, akafungua ukurasa alioanza kuandika Kiete wiki ile, akatoka kwenda kuchochea moto, akabaki amesimama koridoni na kuni mkononi.

Kutoka pale aliona vyote. Aliona kichwa cha mtoto mbele ya skrini, kimeinamishwa upande kama cha ndege anayesikiliza ardhi. Aliona benchi ya mbao na nafasi iliyobaki juu yake. Aliona Nanzia akitoka chumbani kwake amevaa, sweta zilizokamilika zimepangwa mkononi, nembo juu, zote. Alikuwa amedarizi bila kikwazo.

"Hodi!" Nje, mlango wa mbele. Sauti isiyohitaji spika. "Hodi wenyewe! Fundi nimefika!"

Nanzia hakuitikia karibu. Alisimama kwenye kizingiti cha chumba cha kudarizia, nusu ndani, nusu nje, kandambili moja imekwisha kugeukia mlango wa mbele.

"Hodi jamani! Mmelala?"

Namsifu alitaka kusema. Kuni ilimchoma kiganja kwa jinsi alivyoikaza. Akajizuia, nyumba ina mwenyewe.

Mtoto alizisikia kandambili zilipokoma. Akasogea kwenye benchi, taratibu, mpaka pembeni kabisa, akapapasa ile nafasi akaifuta vumbi kwa kiganja.

"Shangazi, kaa hapa nikusomee."